Mwanafunzi wa Odessa

Kimbunga kilikuwa kimetangazwa tangu alfajiri, na ilipofika adhuhuri lile duka kubwa la chakula kusini mwa Houston halikuwa duka tena, lilikuwa vurugu tupu. Watu walipigana vikumbo, matoroli yakagongana, mikate ikaisha, betri zikaisha. Odessa Guillory, ndani ya jinzi iliyomkaa sawasawa na shati jeupe pana lililomfika mapajani, alinyoosha mkono kwenye katoni ya mwisho ya maji. Mkono mwingine, mkubwa, wenye vidole virefu, ukaidaka katoni hiyo hiyo kwa upande wa pili.

"Samahani dada, nimeiwahi," alisema mwenye mkono.

"Umeiwahi kwa macho. Mimi nimeiwahi kwa mkono."

"Una watoto nyumbani?"

"Sina."

"Mgonjwa je?"

"Nina kiu. Haitoshi?"

Yule mwanamume akacheka. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, kikawafanya watu wageuke, na Odessa, ambaye hakuwa na nia ya kucheka na mtu siku ile, akajikuta akitabasamu. Mwanamume alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, kavaa tai yenye picha za tarumbeta.

"Tugawane," alisema. "Naitwa Renard Pickett. Nafundisha bendi ya shule ya sekondari, kwa hiyo kugombana na watu wakaidi ni kazi yangu ya kila siku."

Wakagawana chupa juu ya boneti ya gari lake huku upepo ukianza kupeperusha makaratasi. Ikabaki chupa moja.

"Chukua wewe," alisema Renard. "Ila nitakuja kuidai."

"Utaidaije na hujui ninapoishi?"

"Ndiyo maana naomba namba ya simu."

Umeme ulikatika kusini yote ya mji, na katika giza lile walizungumza kwa simu hadi betri zikalia. Mvua ilipoacha, Renard alikuja kweli kudai chupa yake. Aliinywa yote pale pale mlangoni kwa Odessa, akasema hajawahi kunywa maji matamu kama yale. Odessa akamwambia, "Muongo wewe," lakini alimpisha aingie.

Jumapili moja mchana Renard alimpeleka kucheza muziki wa kodiani, ule wa watu wa Louisiana, kwenye ukumbi wenye harufu ya bamia na kamba. Odessa alivaa gauni la kijani lenye koti fupi juu yake. Wakacheza nyimbo mbili. Kwenye wa tatu Renard akamzungusha, mkono wake ukateleza kiunoni, ukagota kitu kigumu.

"Hii nini?"

"Bastola," alisema Odessa, kama anayetaja saa yake ya mkononi.

Renard aliutoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto. Wakatoka nje juani.

"Nilidhani unasafisha meno ya watu!"

"Nasafisha meno siku za kazi. Jumamosi nafundisha watu kubeba bastola. Kibali ninacho, cheti cha ualimu ninacho."

"Na mimi nilikuwa nacheza dansi na bunduki."

"Ulikuwa unacheza na mimi, Renard. Sikiliza. Somo langu la kwanza ni kuondoka. Mtu akikutukana, ondoka. Akitaka gari lako, mpe funguo. Hiki kitu si cha kushinda ugomvi. Ni cha siku ambayo hakuna pa kuondokea."

"Na siku hiyo imewahi kukufika?"

Odessa akashika taya lake la kushoto. "Mtalaka wangu anaitwa Royce. Alinivunja hapa. Mahakama ikampa amri asinikaribie. Karatasi, Renard. Karatasi haizuii ngumi. Bado anaishi mji huu huu."

Renard akashusha sauti. "Na mimi nikusimulie yangu. Polisi wameshanisimamisha mara nisizozihesabu. Kila mara naweka mikono juu ya usukani, napumua polepole, namwita bwana mdogo 'mheshimiwa'. Sasa weka bastola ndani ya gari hilo. Nikipeleka mkono kutoa kitambulisho, mama yangu anazika mtoto. Nyumba yenye silaha imealika msiba, laazizi."

"Hofu yako naielewa. Na yangu uielewe."

Hawakuelewana. Siku zikapita simu haiiti, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Mwishowe Renard akapiga, Odessa akapokea kabla mlio haujakamilika.

"Nimezikosa dharau zako," alisema Renard.

"Ninazo nyingi, nimekuwekea."

Wakatafuta njia ya kuishi nayo. Kwa Renard bastola ilifungiwa katika kisanduku cha chuma juu ya kabati. Kila alipomkuta Odessa mlangoni alimuuliza, "Leo mko wangapi?" naye akijibu, "Tuko wawili, mwenzangu anakwenda kulala," wote wakicheka. Mama yake Renard, Bi Earline, mwanamke wa kanisani mwenye kofia kubwa za rangi, alimpenda Odessa kwa jinsi alivyokula wali na maharage mekundu bila kujidai kushiba.

Kisha Renard akaibiwa. Ilikuwa mchana kweupe, kwenye kituo cha mafuta. Vijana wawili walimwelekezea bunduki, wakachukua gari pamoja na tarumbeta ya marehemu baba yake. Hawakumgusa. Ila walimwamuru apige magoti juu ya lami, naye akapiga, mbele ya wanafunzi wake wawili waliokuwa dukani wakinunua soda.

Gari lilipatikana. Tarumbeta haikupatikana. Na Renard aliyekuwa akicheka hadi watu wageuke hakupatikana pia.

"Nifundishe," alimwambia Odessa.

"Ulisema nyumba yenye silaha imealika msiba."

"Nilisema, na wewe ukanijibu. Umeshinda, mpenzi. Si ulitaka kushinda?"

Alitaka. Hapo ndipo pabaya. Kwa miezi mingi alikuwa amelala kitandani akipanga hoja, na sasa mwanamume aliyempenda alikuwa amekuja mwenyewe upande wake. Ilimpendeza.

Darasani Renard alikaa mbele. Kwenye shabaha alipiga vizuri kuliko wote, haraka, meno kayauma. Odessa aliuliza lile swali analowauliza wanafunzi wote: "Umewakuta wezi wa gari lako. Wamekuona, wanakimbia. Unafanya nini?"

"Nawapiga," alisema Renard.

Darasa likacheka.

"Wanakimbia, Renard. Wamekupa mgongo."

"Basi siwapigi, mwalimu." Akatabasamu. Lakini macho hayakutabasamu, na Odessa aliyaona. Alishawahi kumrudisha nyumbani mchungaji mmoja kwa jibu kama hilo, akamwambia, "Bado. Nenda utulie, urudi mwakani." Mchungaji alimtukana, naye hakujali. Renard hakumrudisha. Alitia sahihi, akampa cheti, na jioni wakaenda kula kamba.

Akanunua bastola yake mwenyewe, akaanza kutembea tofauti, mabega nyuma. Barabarani alikuwa hapishi mtu. Odessa akamwonya, "Ukibeba hicho kitu unatakiwa uwe mpole kuliko wote. Uwe wa kwanza kuomba msamaha hata usipokosa." Renard akambusu kwenye paji la uso. "Ndiyo, mwalimu." Baada ya wiki chache akamjia kazini, akapiga goti kati ya viti vya wagonjwa, mmoja wao mdomo wazi kapigwa ganzi, akamvisha pete. Odessa alilia hadi barakoa ikalowa. Tarehe ikapangwa, Bi Earline akaagiza kofia mpya.

Jumamosi moja asubuhi, siku isiyo na darasa, walikwenda kuonja keki ya harusi. Kwenye maegesho gari kuukuu la kubebea mikate lilirudi nyuma likaligonga gari la Renard. Taa ikapasuka, mlango ukabonyea. Dereva akashuka, mzee mfupi wa Kivietinamu, fulana nyeupe imejaa unga, jina lake Trinh Van Loc. Alikuwa na hasira kama Renard. Alisema Renard ameegesha vibaya, akasema kwa Kiingereza, kisha kwa lugha yake, mikono ikipepea.

"Unanipigia kelele mimi?" Renard alikuwa amekwisha kushuka. "Umenigonga, halafu unanipigia kelele?"

"Renard," Odessa aliita. "Rudi garini."

"Ngoja kwanza!"

"Rudi garini, mpenzi. Ni taa tu."

Mzee alipunga mkono kama anayemfukuza nzi, akageuka, akainama kupitia dirisha la gari lake, mkono ukaingia chini ya kiti. Odessa aliona bega la Renard likipanda. Alilijua bega lile, yeye ndiye aliyelifundisha. Akapiga ukelele, "Usi—" na mlio wa bastola ukammalizia neno.

Mzee Trinh aliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Mkononi alikuwa na bahasha ya karatasi za bima.

Odessa ndiye aliyekimbia, akavua koti akalikandamiza begani kwa mzee, akamwambia, "Niangalie mimi, baba, niangalie mimi." Renard alisimama pale pale. "Aliingiza mkono," alikuwa akisema. "Odessa, uliona. Aliingiza mkono."

Mzee hakufa. Risasi ilikata mishipa ya bega, na mkono wa kulia ukabaki unaning'inia. Renard akafunguliwa mashtaka. Utetezi wake ulikuwa mmoja: alitishiwa, aliamini mzee anatoa silaha. Na shahidi wa karibu alikuwa mmoja.

Bi Earline alikuja kwa Odessa bila kofia. Ilikuwa mara ya kwanza Odessa kumwona hivyo, mvi zote nje.

"Mwanangu, sikuombi useme uongo. Sema tu hukuona vizuri."

"Niliona vizuri, Bi Earline."

"Sema yule mzee alitishia. Si alipiga kelele?"

"Alipiga kelele. Hakutishia."

"Nani alimpa mwanangu bunduki?" Sauti ya mama ikapanda. "Mtoto wangu alikuwa anaogopa hata fataki! Wewe ndiye uliyemfundisha, wewe ndiye uliyemwambia inamlinda. Leo unajifanya mkweli?"

Odessa alimshika mikono, Bi Earline akaitoa.

Usiku ule Renard alipiga simu. Alikuwa nje kwa dhamana, na sheria ilimkataza kuzungumza na shahidi. Walisikilizana pumzi tu, kama enzi za kimbunga, mpaka Odessa akasema, "Kata, mpenzi. Utajiongezea makosa." Akakata.

Mahakamani wakili wa Renard alimuuliza Odessa kama mtaalamu: mtu akiingiza mkono mahali pasipoonekana, si dalili ya hatari? Odessa alisema inaweza kuwa. Je, mshtakiwa hakuwa na sababu ya kuogopa? Odessa alimtazama Renard, suti ya kijivu, ile waliyoichagua pamoja kwa ajili ya harusi.

"Alikuwa na nafasi ya kuondoka," alisema. "Gari letu lilikuwa nyuma yake, mlango uko wazi, nami nilimwita mara mbili. Hakuogopa. Alikuwa na hasira."

Wazee wa baraza hawakukawia. Miaka minane.

Gereza liko kaskazini, kwenye misonobari, na kiangazi joto lake ni la tanuri. Odessa alikwenda mara nyingi, na kila mara Renard alikataa kutoka. Mwaka wa pili akakubali. Alikuwa amenyolewa, amekonda, kavaa nguo nyeupe za wafungwa. Kati yao kulikuwa na kioo, na kila mmoja mkono wa simu sikioni.

"Hujambo."

"Sijambo, Renard. Umekonda."

"Chakula chao." Akatazama chini. "Yule mzee?"

"Mkono haujarudi. Binti yake ndiye anayeoka siku hizi. Mzee mwenyewe anakaa mlangoni, anakaribisha wateja."

Renard akatikisa kichwa kwa muda. "Bado unafundisha?"

"Niliacha."

"Na kubeba, je?"

Angeweza kudanganya. "Bado nabeba. Royce ameonekana mtaani kwangu."

"Sasa hivi iko wapi?"

"Garini, nimeifungia."

Renard akacheka, lakini si kile kicheko. "Nakuuliza kitu kimoja, Odessa, na unijibu kama ulivyomjibu wakili. Siku ile uliponitilia sahihi, ulijua?"

Odessa alihisi taya lake la kushoto likimuuma. "Nilijua hujawa tayari."

"Mbona hukusema?"

"Nilikupenda. Sikutaka kukuaibisha, walishakuaibisha wengine. Na... nilifurahi kwamba umekuja upande wangu."

"Na mahakamani? Hukunipenda?"

"Nilikupenda vilevile."

Renard alimtazama sana, kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Siku ya kuninyima, ulinipa," alisema. "Siku ya kunipa, ukaninyima. Sikulaumu. Yule mzee alistahili ukweli wako. Lakini na mimi niliustahili, kabla yake." Akavuta pumzi. "Usije tena."

"Renard, mpenzi..."

Alishaweka simu. Akasimama, akampa mlinzi mikono afungwe, akaondoka. Odessa alibaki na mkono wa simu sikioni hadi mama mmoja nyuma yake akakohoa, kwamba na yeye ana mtu wa kumwona.

Nje jua lilimwagika kama mafuta ya moto. Alifungua gari, akafungua kisanduku, akanyoosha mkono kuichukua bastola aipachike kiunoni. Mkono ulikuwa unatetemeka. Miaka yote aliwakataza wanafunzi kuigusa mkono ukiwa hivyo. Akakifunga kisanduku, akaketi mlango wazi, mguu mmoja nje, akisubiri utulie. Haukutulia. Jua likahama kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, wageni wengine wakatoka, wakawasha magari yao, wakaondoka, naye bado ameketi.