Wimbo wa Nne Hautoki Sawa

Ni Mardochée, fundi wa kompyuta aliyetoka Kisangani, aliyemwambia Nadège kwanza kwamba sauti ya mume wake haikai mahali pamoja.

Alimwambia jioni, mlangoni mwa chumba chake cha kunakili nyimbo, mjini Butembo, wakati maduka yalipokuwa yakifungwa. Nadège alikuja kuchukua kaseti tu. Mwanawe, Vagheni, alisinzia mgongoni. Tangu alfajiri Nadège alikuwa akichota maji na kupika kwa ajili ya wageni wa kesho, na miguu ilimuuma mpaka kwenye mifupa.

Kesho ukoo ungemzika mumewe Phinées, bila Phinées.

Ilikuwa miaka ya vita, na barabara ya Beni ilijaa vizuizi. Phinées alikwenda huko kununua utomvu wa papai, biashara yake ya siku zote. Karibu na Kalunguta watu wenye bunduki walimteremsha kwenye lori. Wenzake walisikia risasi. Mwili hawakuuona. Nadège alikuwa na mimba wakati huo. Alijifungua akingoja, akanyonyesha akingoja, na sasa mtoto alikuwa anatembea. Mwishowe wazee waliamua wazike mgomba mahali pa Phinées, wamnyoe mke wake nywele, na kilio kiishe.

Lakini mgomba wa mtu aliye hai hauzikwi. Ukizikwa, popote alipo, pumzi inamkatika. Hilo ndilo lililomnyima Nadège usingizi.

Mama mkwe wake, Mama Emérence, alikubali kwa sharti moja: sauti ya mwanawe iimbe kando ya shimo. Phinées aliimba peke yake katika wimbo wa nne wa diski ya kwaya. Diski yenyewe iliibwa wakati wa uporaji. Nakala yake tu ndiyo iliyobaki, ndani ya kompyuta ya Mardochée.

"Mama Vagheni, ile wimbo inanishinda," alisema Mardochée. Macho yake yalikuwa mekundu. "Diski hakuna, donc minafungua nakala mu lecteur virtuel. Ni kama chombo ya kusoma diski, mais haina mwili. Mashine inaamini tu kama diski iko ndani. Minatoa wimbo, mashine inahesabu sauti yote, inanipa nambari yake. Minatoa tena wimbo ule ule, nambari inapashwa kuwa ile ile. Njo tunajua copie ni muzuri."

"Na haiko ile ile?"

"Hapana. Kila mara nambari ingine." Akacheka kidogo. "Bwana yako alizoea kutembea sana. Hata mu mashine iko natembea."

Nadège hakucheka. Mardochée akainamisha kichwa.

"Unisamehe, Mama."

Alikuwa amejaribu kila kitu. Kwanza alidhani ni jenereta, umeme unarukaruka; akaunganisha betri. Nambari ikabadilika. Akaifunga nakala, akaifungua upya. Ikabadilika. Akaihamishia kwenye kompyuta nyingine. Ikabadilika. Akajaribu diski ya kwaya nyingine: nambari zilikuwa sawa, kila mara. Hata nyimbo nyingine za diski hii zilikuwa sawa.

Ni wimbo wa nne tu.

"Labda mémoire ya mashine iko mubaya," alisema. "Mais juu ya nini inaharibu huyu mutu mumoja tu?"

Akampa Nadège kifaa cha kusikilizia masikioni.

Kwaya iliimba. Phinées akaingia, sauti yake ile ile, nzito kidogo mwishoni. Nadège alifumba macho. Wimbo uliisha. Kimya... Kisha, mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde:

"Mama Vagheni."

Nadège alifungua kinywa, halafu akakiziba kwa mkono. Kwao, giza likianza kuingia, mtu haitiki mwito wa kwanza. Aliye hai ataita tena. Aliyekufa huita mara moja, na akiitikiwa, huja.

Alingoja. Hakusikia mwito mwingine.

"Ameita mara moja," alinong'ona. "Basi amekufa."

"Ngoja," alisema Mardochée. "Hiyo ni copie ya kwanza."

Akafungua ya pili. Wimbo ule ule. Kimya kile kile. Kisha nyayo kwenye majani makavu, na mwito. Mara moja. Karibu zaidi.

Katika ya tatu alisikia pumzi kabla ya jina.

"Mu kila copie, mara moja tu," Mardochée alinong'ona. "Mais ukiziweka zote pamoja... huyu mutu ameita mara ngapi?"

Chumba kilianza kunuka. Ilikuwa harufu kali ya maziwa ya papai bichi, harufu ya mashati ya Phinées aliporudi kutoka Beni.

Ndipo akakumbuka.

Phinées alipochukuliwa, mtoto alikuwa hajazaliwa. Jina la Vagheni hakulijua. Hakuwahi kumwita mke wake Mama Vagheni.

Alivua kile kifaa haraka. Sauti ikabaki, ndogo, ikivuja humo mkononi mwake.

"Mama Vagheni."

Mgongoni, mtoto aliinua kichwa. Akatazama kona isiyo na mtu.

"Karibu," alisema Vagheni.

Mardochée alizima mashine. Akampa kaseti.

"Nimeweka ile ya kwanza," alisema. "Ile iko mbali."

Asubuhi yake walimnyoa Nadège nywele. Wanaume walileta mgomba uliofungwa ndani ya blanketi la Phinées. Ulikuwa umekatwa jana tu, mwembamba, lakini waliubeba wakihema, wakipokezana. Wakaushusha. Shemeji yake, Kitsa, akabonyeza redio ya kaseti.

Phinées aliimba. Watu walilia. Wimbo ukaisha.

Haikuwa mbali.

"Mama Vagheni."

Kilio kilikatika. Kitsa alitazama redio, kisha akatazama shimo.

"Ni mashine," alisema. "Ni mashine tu."

"Ni mutoto yangu!" Mama Emérence alimshika Nadège mkono. "Wewe muke yake, itika! Itika, njo aache kuteseka!"

Nadège alihisi mtoto akijinyoosha mgongoni, akivuta pumzi ya kusema. Akamzungusha mbele upesi, akamziba mdomo kwa kiganja. Halafu akapiga magoti penye udongo uliochimbwa, na kwa mkono uliobaki akaanza kuusukumia shimoni, haraka, haraka, kabla ya mwito wa pili.