Bega la Kushoto la Lőrinc

Emőke aliuona mgongo wa Lőrinc kabla ya kuuona uso wake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, bwawa la maji moto la Budapest limefurika watu, wazee wanacheza sataranji majini huku mvuke ukiwafunika mpaka masikioni. Kijana mmoja mrefu akajivuta kutoka majini, na Emőke, mwanafunzi wa sanaa mwenye kofia nyekundu ya kuogelea, akasahau kupepesa macho.

"Dada, umeangusha kitu mgongoni kwangu?"

"Samahani. Nilikuwa nahesabu misuli."

"Imetimia?"

"Geuka tena nimalizie."

Kijana akacheka, akageuka kweli.

Alikuwa mchezaji wa mpira wa majini. Emőke alikuwa na mtihani: kuchora kiwiliwili cha mtu, nusu ngozi, nusu misuli na mifupa, kila kitu mahali pake. Basi kila Jumanne Lőrinc akawa anakaa kwenye kigoda chumbani kwa Emőke, kifua wazi, naye Emőke, vidole vyeusi kwa mkaa, akimchora kuanzia mtulinga hadi mbavu za mwisho. Siku nyingine walipigiana simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimemaliza mbavu sita zako."

"Niachie hata mbili nipumulie!"

Wiki ya pili Emőke aligundua jambo. Lőrinc alipoegemeza mikono ukutani, kombe la bega la kushoto lilichomoza, ukingo wake umeachana na mbavu. Alilichora vilevile lilivyokaa. Ila hakumwambia.

Siku ya maonyesho ya mtihani, Lőrinc alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, akawaleta wenzake na kocha wao waje kumwona alivyotundikwa ukutani. Kocha alisimama mbele ya mchoro, asicheke.

"Lőrinc, sukuma ukuta huu."

Akasukuma. Jioni hiyohiyo akatolewa kwenye timu mpaka apimwe.

"Ungelinyoosha tu bega hilo!" Lőrinc alifoka barazani. "Mkaa si ulikuwa mkononi mwako?"

"Nilichora ulivyo."

"Na uliona lini?"

Emőke akainamisha kichwa. "Wiki ya pili. Niliogopa ukijua hutakuja tena."

Lőrinc akaondoka bila kuaga. Wiki tatu simu haikupokelewa. Emőke alipata alama za juu kabisa, na hakumtumia mtu yeyote habari.

Alhamisi moja adhuhuri simu ikalia.

"Emő, usikate. Nimetoka kwa daktari. Mshipa wa fahamu umebanwa, msuli ulikuwa unanyong'onyea. Anasema ningecheza msimu mzima usingerudi tena."

Emőke akakaa chini palepale jikoni. "Nisamehe. Nilipaswa kukuambia siku ileile."

"Ndiyo, ulipaswa. Nami nilikuwa najua mkono unachoka, nikanyamaza. Sote waongo." Akavuta pumzi. "Nina mazoezi ya miezi tisa. Nani atanitazama mgongo?"

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwako. Ngazi zako zitaniua kabla ya bega."

Akafungua. Lőrinc alikuwa amekonda, amevaa sweta kuukuu, macho yameingia ndani. Kisha akaweka viganja ukutani, akasukuma, na Emőke akaweka chake juu ya lile kombe. Chini ya sweta akahisi msuli ukitetemeka, ukivuta kidogo.

"Unashika," akanong'ona.

"Mkono huu ukipanda mpaka juu, nitakuja kwenu kumwomba mama yako ruhusa nikuoe."

"Mama hapimi mikono," Emőke akasema, machozi na kicheko pamoja. "Njoo Jumapili. Anapika supu ya kuku."