Si Kila Joto Ni Homa

Joto lilimpanda Léocadie akianika ndakala ufukoni Kavimvira. Lilianza kifuani, likafika shingoni, likawaka usoni. Jasho likamtiririka kama mtu aliyetoka ziwani. Akaacha wale samaki wadogo, akaingia nyumbani, akameza kidonge cha kinini, dawa ya malaria. Kilikuwa cha pili siku hiyo. Masikio yalikuwa yakimvuma tangu juzi.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru. Waasi walikuwa wamefunga njia ya bonde la Ruzizi, na dawa za Bukavu hazikufika tena. Katika kopo la Léocadie vilibaki vidonge kumi. Aliamini vikiisha, homa itammaliza.

Mgeni wake, Nyiramahoro, alikuwa jikoni akichochea moto. Yeye alikuwa mfugaji wa Bijombo, juu milimani. Kila mwezi alishuka na siagi, akapanda na ndakala. Safari hii vita vilimkatia njia ya kurudi. Wote wawili walikaribia miaka hamsini.

Nyiramahoro alitaka kujua homa gani hii inayokuja mara tano kwa siku na kuondoka kabla maji ya kusonga bukari hayajachemka. Léocadie akamjibu kuwa ndiyo malaria ya watu wa ziwa, watu wa ng'ombe hawaijui.

"Minye niko nakufa, weye unapima maji," akasema.

Nyiramahoro hakukasirika. Akasogea karibu, akauliza kama bado anaona mwezi. Léocadie akageuza uso, kwa maana hayo hakuyasema hata kwa dada zake. Mwishowe akakiri kwamba ulikatika tangu kiangazi.

"Wangu pia," Nyiramahoro akasema. "Lakini minye sisikii joto. Usingizi ndio ulinikimbia. Sasa ni kabila, ao ni nini?"

Wakaenda kumwuliza Bernardine, muuguzi wa nyumba ya tatu. Dawa zilikuwa zimemwishia, ila kipimajoto alikuwa nacho. Aliwakalisha mpaka joto lilipompanda Léocadie, akamtia kipimajoto kwapani. Kikasoma thelathini na saba.

"Hii si malaria, Mama Rémy," akamwambia Léocadie. "Ni umri. Mwezi ukikatika, mwili unayumba. Mmoja anawaka, mwingine anakosa usingizi, mwingine hasikii kitu. Acha kinini. Hicho ndicho kinachokuvumisha masikio."

Léocadie akauliza kama maziwa ndiyo yanayowakinga wanawake wa milimani. Bernardine akacheka. Alikuwa amewahudumia wanawake wa ziwa, wa bonde na wa milima, na kila mahali aliwakuta wanaowaka na wasiowaka. Pengine baridi ya juu hulificha joto. Pengine wanawake wa huko hunyamaza tu. Hilo hakulijua.

"Ila kabila lisilozeeka sijaliona," akasema. Kisha akawaonya wote wawili: damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukatika, huo si umri tena, mwanamke aende kupimwa upesi.

Léocadie akafunga kopo lake.

Wiki ya tatu ya ugeni wake, Nyiramahoro aliamka akiwaka.

"Joto lako limenipata," akatania. "Sasa nimekuwa mtu wa ziwa."

Léocadie akacheka, akabandika maji. Yakachemka. Akasonga bukari, akala peke yake, maana mgeni hakugusa. Joto lilikuwa palepale. Kichwa kilimgonga Nyiramahoro, na meno yakaanza kugongana ingawa jua lilikuwa kali.

Léocadie akakimbia kumwita Bernardine. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na nusu.

"Hii sasa ndiyo malaria," Bernardine akasema. "Milimani mbu ni wachache. Mwili wa huko haujaizoea, huanguka haraka. Nani ana kinini?"

Léocadie akaleta kopo. Vidonge vyote kumi vilikuwamo. Bernardine akapanga saa za kuvimeza, na Léocadie hakuruka hata moja.

Siku ya tano Nyiramahoro aliomba bukari na ndakala. Akaketi mlangoni, amejifunika shuka, akimtazama mwenyeji wake jikoni. Ghafla uso wa Léocadie ukaiva. Akakaa kivulini, akanywa maji, akajipepea na ungo.

Nyiramahoro akachungulia chungu.

"Maji hayajachemka," akasema.

"Na joto limekwisha kwenda," Léocadie akajibu, akainuka kwenda kugeuza samaki.