Kiti cha Kando ya Dereva

Kiti kilikuwa na joto, kama mtu kanyanyuka sasa hivi. Na gereji ilikuwa imefungwa tangu jana hadi walipoifungua sasa hivi.

Mke wa fundi, mshonaji wa viti vya magari, aliinama akanusa. Marashi. Si yake; yeye alinukia gundi na ngozi. Tena nyuzi alizoshona jana zilikuwa zimefumuliwa moja moja.

"Baba watoto, nani kakaa humu?"

"Nani akae kwenye gari bovu la jeshi?" mumewe alijibu kutoka chini ya injini.

Miaka miwili gari lile lilikuwa limemla mume. Alilisugua kutu polepole, akilisemesha kwa upole ambao nyumbani ulikwisha zamani. Chuma mke alikivumilia. Lakini chuma chenye marashi? Wivu ukampanda.

Mumewe alipokwenda kunawa, yeye alikaa kushona upya, kwa uzi maradufu, mchana kweupe. Alipopiga mshono wa kumi akausikia uzi ukivutwa kwa chini, taratibu, na kila alipouvuta juu ulirudishwa chini, na yale marashi yakapanda yakamjaa kifuani, na kitambaa kikabonyea katikati kikatulia, kama mtu mzima aliyekaa akakunja miguu akamtazama.

"Mke hapa ni mimi," alinong'ona. "Kama wewe ni mwanamke kweli, sema!"

"Mke hapa ni mimi," kiti kikajibu. Kwa sauti yake.

Alirudi nyuma hadi ukutani. Akafungua kinywa amwite mumewe. Sauti yake haikuwemo tena.

Mumewe akaingia, uso unamng'aa, akapanda na kuwasha. Injini ikaitika. Akageukia kile kiti kitupu kwa tabasamu ambalo mkewe alikuwa amelingoja miaka miwili.

"Kumbe umeshapanda! Nawe ulivyolionea wivu gari langu!"

"Nani, mimi?" ile sauti ikacheka. "Twende, mume wangu."

Mkewe akakimbia mbele ya gari, akapiga boneti kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka. Mumewe akatega sikio, macho yakimpita kama hayupo.

"Bado inagonga kidogo," alisema.

"Itazoea," ikasema ile sauti. Mume akaingiza gia.