Soksi Moja Ndani ya Mkoba Wangu

"Bibi, samahani. Mwaga mkoba wako hapa mezani."

Mkuu wa kituo aliniambia hivyo mbele ya wazazi, jamani!

Nikamwaga. Miwani. Leso. Kopo la dawa ya presha. Kitana kilichong'oka meno mawili...

Na soksi moja ya mtoto. Ya njano, yenye picha ya bata.

Nikaganda!

"Si nilisema!" mama mdogo wa mtoto akapaza sauti. "Siku ya tatu hii anarudi na soksi moja! Leo soksi, kesho mtoto mwenyewe!"

Subirini niwaeleze vizuri, maana mimi nikisimulia sipendi kuruka kitu.

Nina miaka hamsini na tisa, na elimu yangu ni ya msingi. Hiyo ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini, kituo cha kulelea watoto. Kijana wangu alinicheka, "Mama, kazi ya kwanza umri huu?"

Nikamjibu, "Nimelea wanane bure, na wewe ndiye mkaidi wao. Sasa nalea kwa mshahara!"

Nafasi ilikuwa moja. Kwenye majaribio tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja wa kucha za rangi. Moyoni nikamwita Kucha.

Sasa niambieni nyinyi... nani mwingine wa kunitilia soksi mkobani?

"Nakupa kesho tu," mkuu akaninong'oneza. "Ikipotea nyingine, bibi, usirudi."

"Mwanangu, kuna mtu ananichimba. Yule binti..."

"Una ushahidi?"

Sikuwa nao.

Kesho yake sikubandua macho. Kucha akipanga magodoro, namtazama. Akipita karibu na mkoba, naupapasa. Akanipa chai... sikuinywa!

"Bibi, mbona unanitolea macho?"

"Macho ya uzee, mjukuu wangu. Yanaenda yanakotaka."

Saa saba mchana watoto wakalazwa. Nikajiegemeza ukutani, mkoba ubavuni, jicho nusu. Nikakoroma koromo la uongo.

Kimya...

Zipu ikalia. Polepole.

Leo umepatikana! Nikaudaka ule mkono.

Ulikuwa mdogo. Laini. Umeshika soksi.

Ni yule mtoto mwenye soksi! Binti wa miaka minne, hajatamka neno tangu aletwe. Mama yake alienda kazi ya mbali, miezi mitatu sasa, akamwacha kwa mama mdogo.

"Unaniwekea soksi ya nini, mjukuu wangu?"

Sauti ikatoka nyembamba kama uzi.

"Ili urudi kuileta."

"Nani kakwambia sitarudi?"

"Mama hakubeba kitu changu hata kimoja."

Mkuu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akaenda kufungua droo yake. Chini ya daftari la mahudhurio... soksi ya bluu!

Ndipo Kucha akaangua kilio.

"Na mimi nilikuta soksi moja mkobani mwangu juzi, bibi. Nikaogopa, nikaificha. Jana walipokubana... nikanyamaza."

Weee! Ulimi ulishafika kwenye meno. Nikakumbuka nyani haoni kundule, maana mimi nami nilishamchongea bila ushahidi. Nikaumeza.

Mkuu akanivuta pembeni. "Kakuacha uaibike. Nafasi ni yako. Yeye aondoke leo."

Wapendwa, nusura niseme ndiyo.

Lakini yule mtoto alikuwa ameshika sketi yangu kwa mkono mmoja, na ya Kucha kwa mwingine.

"Mwanangu," nikamwambia mkuu, "huyu mtoto kashaona wangapi wakiondoka?"

Akamtazama mtoto, akafungua daftari la zamu. Jumatatu nilimkuta Kucha kwenye chumba cha wachanga, mimi kwa wa miaka minne. Siku za kazi za kila mmoja zilipunguzwa ili tutoshee wote.

Ila Ijumaa ile ile ya soksi, jioni kabla sijaondoka, nilifungua kitambaa changu cha kichwa, nikamfunga mtoto shingoni. "Hiki changu. Utanirudishia nikija."

Jumatatu hiyo alikuwa wa kwanza getini, kitambaa mkononi, kimekunjwa vizuri.

Mnaoanza kazi ya watoto, shikeni hili la bibi yenu. Kitu cha mtoto kikipotea, kabla hujauliza nani kaiba, uliza nani kaondoka.