Wino Kidoleni mwa Dévote

Mwaka ule wa vita, Dévote wa Carama alikuwa akishona huku sikio liko nje. Mlio wa risasi ukisikika kutoka vilimani, mguu unaacha cherehani, anahesabu watoto. Watatu, Chanelle na wadogo zake? Wapo. Anaendelea.

Shule zilikaribia kufunguliwa. Wazazi walitaka sare, lakini Dévote hakuwa na faranga za kitambaa. Akateremka mjini, mtaa wa Asiatique, kwa Népomuscène, mkopeshaji.

"Elfu ishirini? Utapata, Mama Chanelle. Riba ni tano kwa mia kila mwezi, miezi mine. Usipolipa, nachukua cherehani." Akasukuma karatasi na wino. "Weka kidole mbio. Saa kumi na moja barabara ya Carama inafungwa. Ao unataka kulala na askari kwenye kizuizi?"

Ilikuwa saa kumi na nusu. Watoto wako peke yao! Dévote akachovya kidole. Hapo akaona: karatasi haikutaja tano. Ilisema tu, baada ya miezi minne atalipa elfu ishirini na nane.

"Nitarudi kesho, papa."

"Kesho nitakuwa nimewapa wengine!"

Alikimbia, roho mkononi.

Nyumbani alimweleza jirani yake Scholastique, mwalimu ambaye shule yake iliungua.

"Usimwamini, usimkatae," alisema Scholastique. "Tuulize hesabu. Riba yote ni ngapi?"

"Ishirini na nane toa ishirini… elfu nane."

"Kiwango hatukijui. Tukiite x. Riba ni mkopo mara kiwango mara miezi, gawanya kwa mia." Akaandika mlangoni kwa mkaa:

20,000 × x × 4 ÷ 100 = 8,000
800 × x = 8,000

"Haya, x ni ngapi?"

"Elfu nane gawanya kwa mia nane…" Dévote akashika kichwa. "Kumi! Mama wee! Mutu huyu!"

"Na ingekuwa tano?"

"Mia nane mara tano, elfu nne. Nalipa ishirini na nne tu."

Asubuhi alirudi na hesabu yake. Népomuscène akacheka. "Fundi wa sare amekuwa profesa!"

"Apana, papa. Mi nimehesabu tu. Andika tano kwa mia, ao naenda."

Wateja waligeuka kusikiliza. Népomuscène akaandika upya: tano kwa mia, jumla elfu ishirini na nne. Ndipo Dévote akaweka kidole.

Baada ya miezi minne alilipa elfu ishirini na nne. Cherehani yake ingali inalia. Ya Consolée, fundi wa nyumba ya pili kutoka kwake, ilichukuliwa na Népomuscène. Yeye aliogopa barabara kufungwa, akaweka kidole bila kuhesabu.

Wino hutoka kidoleni kwa sabuni. Karatasini hautoki.