Chumba cha Mama Thelma

Asubuhi za Larch Creek, mji mdogo wa milimani nchini Kanada, huanza kwa koleo. Kabla ya chai, hata kabla ya kunawa uso, watu hutoka kuondoa theluji mlangoni. Anayemaliza mapema humsaidia jirani. Asiyesaidia husemwa mpaka kiangazi.

Corinne Dufresne na mumewe Garnet walikuwa na bahati. Walifanya kazi hiyo watu watatu, kwa sababu mpangaji wao, Rowena Sumalde, hakukubali kukaa ndani akisikia wenzake wanahema nje. Rowena alitoka Ufilipino. Alikuwa mwalimu katika kituo cha watoto cha mji. Aliishi sehemu ya chini ya nyumba yao, yenye mlango wake na jiko lake. Odile, binti mdogo wa Corinne, alikuwa darasani kwake, na kila asubuhi walikwenda kituoni pamoja.

"Mwalimu, leo tutapika keki ya theluji?" Odile aliuliza.

"Tutapika. Lakini wewe ndiye utakayeila yote."

Garnet alikuwa fundi wa viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani. Watu huja Larch Creek kutoka mbali kuteleza kwenye theluji, na wote hutaka mahali pa kulala. Kazini wenzake walimcheka.

"Garnet, wewe umelalia dhahabu, halafu unalalamika kitanda kigumu! Mtoe huyo mwalimu. Weka wageni wa siku mbili tatu. Utaona."

Maneno hayo aliyabeba mpaka nyumbani. Corinne naye alikuwa akiwaza hayo hayo, ila alikuwa anangoja mwenzake aanze. Tamaa haina kelele. Iliingia nyumba ile kwa upole kabisa.

"Lakini sheria hairuhusu kumtoa mpangaji ili tuweke wageni," Garnet alisema.

"Inaruhusu kama mzazi wetu anahamia."

"Mama yangu? Mama hata umtishe kwa bunduki haondoki kwake Kamloops!"

"Nani kasema atahamia? Tutasema tu kwamba anahamia."

Wakacheka kidogo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Corinne ndiye aliyekwenda kumwambia Rowena. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa. Alisema mama mkwe amezeeka, miguu inamsumbua, hawezi tena kukaa peke yake. Rowena alikuwa anajua jinsi nyumba zilivyo adimu mjini pale.

"Mama ni mama," alisema mwishowe. "Mzazi haachwi peke yake. Nitaondoka."

Siku aliyohama alimwita Corinne bafuni. Kando ya bafu alikuwa amefunga chuma cha kushikia, imara kabisa.

"Bibi asije akateleza," alisema. "Na umwambie maji ya moto huchelewa kidogo, asikate tamaa."

Corinne alishukuru huku anatazama sakafu. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Lakini wageni wa kwanza walikuwa tayari njiani, naye akaenda kutandika vitanda.

Rowena alitafuta nyumba mji mzima akakosa. Sehemu za chini zilikuwa za wageni. Vyumba vya juu ya maduka vilikuwa vya wageni. Mwenzake wa kazini akampa kochi alalie. Haikupita muda mrefu, mkuu wa kituo akawaita wazazi.

"Mwalimu Rowena anatuacha mwisho wa majira ya baridi," alisema. "Hana mahali pa kuishi. Mwalimu mwingine mwenye cheti hatuna, kwa hiyo darasa la wadogo litafungwa."

Mama mmoja alianza kulia. Alikuwa muuguzi, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Corinne alimvalisha Odile koti haraka haraka, akakosea vifungo, akatoka.

Wiki hiyo Mama Thelma, mama mzazi wa Garnet, alikuja kumwona mjukuu wake. Miguu yake ilikuwa mizima kuliko ya Garnet. Alilala na Odile kwenye kitanda kidogo, kwa sababu chini kulikuwa na wageni.

"Huko chini mmefuga nini?" aliuliza asubuhi. "Ngoma usiku kucha. Yule mwalimu mpole yuko wapi?"

"Alihama, Mama," Garnet alijibu, akazidi kuingiza uso kwenye kikombe.

Jirani yao wa ng'ambo ya barabara alikuwa diwani, jina lake Ingrid Vasko. Alipita kuwaalika kwenye mkutano wa mji.

"Njooni nyote. Tunataka kuzungumza na serikali ya mkoa, na hatuwezi kwenda mikono mitupu."

"Na mimi nakuja," Mama Thelma alisema. "Afadhali mkutano kuliko ngoma."

Ukumbi ulijaa. Ingrid alisimama na kueleza kwa maneno mepesi.

"Mkoa una sheria ya kupunguza nyumba za wageni wa siku chache. Lakini miji ya mapumziko kama wetu imeachwa ijichagulie. Sisi tunashindwa kuchagua. Kwa nini? Wenye nyumba wengi hawaishi hapa. Wana nyumba hapa, kwa hiyo wana kura hapa. Kila tukitaka kuweka kikomo cha nyumba za wageni, wanatushinda. Mji huu ulipangwa kwa ajili ya mlima na wageni. Wakazi tulisahauliwa. Tunaomba mkoa ukae nasi meza moja tuzungumze jinsi mji unavyoongozwa, na nani anaamua juu ya nyumba."

"Kwa hiyo tatizo ni watu wa mbali," mzee mmoja alidakia.

"Wengine ni wa mbali," Ingrid alisema.

Rowena akaomba kusema. Corinne alipomwona anasimama, aliinamisha kichwa.

"Mimi simlaumu mtu," Rowena alisema. "Waliokuwa wananipangisha ni watu wema. Walihitaji chumba kwa ajili ya mama yao mzee. Hata mimi ningefanya hivyo. Ninachosema ni kwamba, ukitoka nyumba moja hapa, hakuna nyingine ya kuingia. Ninawapenda watoto wenu. Sitaki kuondoka."

Watu walipiga makofi. Mama Thelma naye alipiga. Kisha mikono yake ikasimama.

"Mama yao yupi?" aliuliza kwa sauti. "Garnet, si huyu ndiye mpangaji wako? Mama gani huyo mwingine uliye naye?"

Ukumbi mzima uligeuka. Garnet alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Mama, tafadhali..."

"Tafadhali nini? Mimi nimelala na miguu ya mtoto tumboni, kumbe nina chumba?"

Mtu mmoja alicheka. Wengine hawakucheka. Corinne alisimama.

"Ni sisi," alisema. "Tulidanganya. Mama hakuwa anahamia. Tulitaka wageni. Rowena, tulikufukuza kwa uongo."

Rowena alimtazama kwa muda. Alichukua koti lake akatoka nje.

Kesho yake asubuhi, theluji mlangoni kwa akina Dufresne ilikuwa imekwisha kuondolewa. Majirani walikuwa wamefanya kama kawaida. Corinne angeona nafuu zaidi kama wangemtukana.

Ingrid alikuja baadaye. Hakukubali chai.

"Mnajua kosa lenu?" aliuliza. "Notisi ya kumtoa mpangaji kwa sababu mzazi anahamia ni kwa mzazi anayehamia kweli. Ukiitumia kwa hila, mpangaji anaweza kukushtaki, nawe utamlipa fidia kubwa. Anayo haki hiyo hata leo."

"Tufanye nini?" Garnet aliuliza.

"Futeni nafasi za wageni wote mliowaahidi. Mkamwombe radhi, na msiweke 'lakini' ndani yake. Halafu mmuulize yeye anataka nini. Safari hii msimwamulie."

Walikwenda wote, pamoja na Mama Thelma, ambaye alisema haifai radhi iombwe kwa uongo uliotumia jina lake bila yeye kuwepo. Rowena aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Nitarudi," alisema. "Kwa ajili ya darasa. Nataka mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa, si wa mdomo. Na mnilipe gharama za kuhama, kwenda na kurudi."

"Waongeze na kodi ya aibu," Mama Thelma alisema. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Rowena alirudi. Darasa la wadogo halikufungwa, na yule muuguzi aliendelea na kazi. Nyumba mbili za mtaa ule nazo zikaacha wageni na kuchukua wafanyakazi wa mji. Lakini Rowena hakupanda tena juu kunywa nao chai jioni kama zamani. Corinne aliliona hilo kila jioni, na kila jioni lilimuuma.

Mkoa ulipokubali mazungumzo, Ingrid alimwomba Corinne aende naye mji mkuu wa mkoa. Corinne alidhani atakaa tu nyuma. Waziri wa serikali ya mkoa aliwasikiliza, kisha akauliza:

"Lakini ni nani hasa anayewatoa walimu na wauguzi wenu? Matajiri wa mbali?"

Ingrid alifungua mdomo. Corinne akamtangulia.

"Mheshimiwa, ni mimi."

Akasimulia yote, mbele ya watu wenye suti asiowajua. Waziri aliweka kalamu chini. Alisema maofisa wake watakuja Larch Creek kabla ya kiangazi kukaa na wakazi wenyewe, na suala la kura na la nyumba yote mawili yatakuwa mezani.

Aliporudi, Corinne alikwenda kituoni kumchukua Odile. Rowena alikuwa mlangoni.

"Nasikia ulimwambia waziri," Rowena alisema.

"Nilimwambia. Uso uliniwaka mpaka nikadhani nina homa."

"Vizuri." Rowena alimfunga Odile koti, kifungo kwa kifungo. "Siku utakapolisimulia hilo bila kuona haya, niambie mapema, nianze kutafuta nyumba."